Tundu Alilolifunga Raili

Nimeoka mikate miaka arobaini na mmoja hapa Thunder Bay, Kanada, nimeajiri watu na nimefukuza watu, na sijapata kuona binadamu anayesoma karatasi ya mapishi kwa ukali kama mke wangu Raili. Na huyo hajui hata kukanda unga. Chapati za maji za Kifini anazonipikia Jumapili nazila kwa sababu nampenda, basi.

Mapishi anayoyasoma yeye ni ya kompyuta. Alianza kama mpima uzito kwenye maghala ya ngano kule bandarini, wakamfundisha mitambo, halafu mitambo ikamchukua mazima. Mwaka wa ishirini na mbili huu yumo kwenye kundi la watu wa kujitolea wanaokusanya programu za Linux, wakazisafisha, wakazifunga kwenye vifurushi, wakazigawa bure kwa dunia nzima. Hawalipwi hata kikombe cha kahawa. Zamani nilimuuliza faida yake nini. Akanijibu, "Na wewe ukiwapelekea majirani mikate iliyobaki jioni, faida yake nini?" Mwanamke huyu ukimchokoza hujibu mara moja kwa mwaka.

Sheria yao moja naipenda, maana ni sheria ambayo mwokaji angeitunga. Ukigawa mkate, shurti uweke mezani na unga wake na chachu yake na karatasi ya mapishi, ili asiyeridhika na mkate wako akaoke wake. Huo unga na karatasi kwa pamoja wanauita kifurushi cha chanzo. Na kila anayegusa karatasi, hata akipunguza chumvi tu, lazima aandike kwenye daftari la humo ndani: nimebadilisha hiki, kwa sababu hii, tarehe fulani, na jina langu kamili. Daftari hilo halifutwi. Ukikosea leo, wajukuu wako watasoma.

Kifurushi anachokilea Raili na wenzake watatu ni cha programu inayoitwa haipavaiza. Ulimi wangu hujikwaa, kwa hiyo nyumbani tunaiita mwenyeji. Kazi yake ni kuifanya kompyuta moja ibebe nyingine tumboni, kompyuta ya kubuni tu, haina chuma wala waya, nayo ya ndani ijione ni kompyuta kamili yenye heshima zake. Ya nje mwenyeji, ya ndani mgeni. Siku aliponieleza nikachekelea, nikamwambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

"Hapa akiingia mgeni mbaya mwenyeji haponi, Elio," akasema bila kuinua macho. "Anakufa."

Sasa nije kwa mzee Nestor. Nestor Baraniuk anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, upande ule ule wa barabara. Alipofuka akiwa na miaka tisa, akakua, akawa fundi wa kutengeneza sauti za piano, na hakuna piano wilaya hii ambayo hakuitia mkono. Ni mtu wa utani, mkaidi, na koo lake ni la dhahabu. Kwenye kwaya ya kanisa la Kiukraini ameimba sauti ya tatu tangu ujana wake. Zamani ukimwimbia wimbo mara mbili ameuchukua, huhitaji kumwonyesha kitu.

Miaka miwili iliyopita sikio la kushoto likafa. La kulia likaanza kufuata, polepole. Daktari akamwambia asitegemee kufika Krismasi nalo. Mzee hakulia mbele yetu. Alisema tu, "Basi Pasaka hii naimba. Baada ya hapo nitawaachia ninyi mpige kelele zenu." Na tulielewa sote kwamba Pasaka hiyo ndiyo ya mwisho.

Lakini kujifunza wimbo kwa sikio kulikuwa kumekwisha. Alikuwa amebakiwa na vidole. Noti za muziki zinaandikika kwa nukta nundu, na kwenye ukumbi wa kanisa lao kuna printa ya nukta nundu, dude zito mfano wa jiko la kuni, linalotoboa karatasi nene. Linalishwa na programu ya noti aliyoiandika bwana mmoja ambaye sasa ni marehemu, na programu hiyo inaujua mfumo wa kompyuta wa miaka ishirini na tano nyuma tu, haitaki mwingine. Kompyuta yake ya asili ilipoungua, Raili ndiye aliyeokoa matumbo yake akayageuza kuwa mgeni ndani ya kompyuta mpya. Na kwa kuwa printa ile huongea kupitia tundu pana la kizamani lenye pini ishirini na tano, akatafuta kadi yenye tundu kama hilo, akaipachika. Wasioona kumi na mmoja wa mji huu walichapiwa barua zao na majibu yao ya hospitali kwa miaka, bila kujua wala kutaka kujua mwenyeji ni nani.

Mwezi wa Machi Raili akaanza kulalamika. "Mfumo wa ile kompyuta umezeeka. Hawaukarabati tena. Nyumba ina siri za watu na mlango hauna kufuli." Jumamosi moja tukaenda, yeye na vifaa vyake, mimi na tumbo langu, kwa sababu Jumamosi akina mama hukunja perogi, maandazi yao ya kuchemsha yenye viazi ndani, pale ukumbini. Akaweka mfumo mpya. Mgeni akaamka vizuri, programu ya noti ikafunguka. Kuchapa hakujaribu, maana karatasi nene zilikuwa zimekwisha na nyingine zilikuwa njiani kutoka Winnipeg. Akafunga begi. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefagia nyumba ya jirani mgonjwa.

Karatasi zilifika Ijumaa iliyofuata. Pasaka ilikuwa imebakiza siku tisa. Olha Stefaniuk, yule mama anayeongoza kwaya na jikoni na, ukimwachia, mji mzima, alikuwa amebadilisha mpangilio wa wimbo mkuu mwaka huo, kwa hiyo Nestor alihitaji kurasa mpya kumi na nne. Akabonyeza. Printa ikakaa kimya. Akabonyeza tena, akaitukana, akampigia mke wangu.

"Raili! Dude limenuna."

"Limewashwa?"

"Mimi nimetengeneza piano miaka thelathini, unaniuliza kama nimewasha?"

Raili alikwenda akarudi baada ya saa moja. Alikaa mezani na koti lake mwilini, theluji ikiyeyuka viatuni.

"Tundu halipo," akasema.

"Limekwenda wapi? Si uliligongomea mwenyewe?"

"Kadi ipo. Mwenyeji mpya ndiye hana habari nalo. Katika mapishi yake mtu ameliondoa tundu hilo. Mgeni ananyoosha mkono, hakuna wa kuupokea."

"Si urudishe mfumo wa zamani?"

"Nirudishe na mlango usio na kufuli? Majibu ya hospitali ya watu yamo mle, Elio. Na nikirudisha leo, mwakani nitafanyaje?" Akavua koti hatimaye. "Wacha nichukue kifurushi cha chanzo. Nitaliwasha lile tundu, nimwoke mwenyeji upya. Ni mstari mmoja tu."

Nikaenda kumchemshia kahawa. Niliporudi na kikombe alikuwa amekwisha kuvuta chanzo, karatasi ya mapishi imejaa skrini, na pembeni amefungua lile daftari la mabadiliko. Nikasema, "Haya, na tumjue huyo mshenzi aliyeondoa tundu la watu." Nilikuwa natania. Akafunika skrini kwa mkono wake.

"Kahawa weka hapo," akasema. "Asante."

Nikajua kuna jambo. Miaka thelathini na sita ya ndoa, huyu mtu hajawahi kunifunikia kitu.

Kesho yake, Jumamosi, alioka tangu asubuhi. Kumwoka mwenyeji si mchezo, huchukua saa mbili na ushee, mashine inavuma, chumba kinapata joto mpaka nikaleta bakuli langu la unga liumuke pale karibu. Hakucheka. Kwa kawaida angenifukuza na bakuli langu. Saa nane mchana mkate ukatoka, akaubeba kwenye kijiti cha kumbukumbu, tukaenda ukumbini. Akauingiza. Ukakataa. Ile kompyuta ya ukumbini ikamwandikia mistari mingi myekundu, kwa ufupi ikimwambia: mama, unanidai viungo nisivyokuwa navyo.

Raili akaisoma, akaweka kiganja kwenye paji la uso.

Nikaelewa hata mimi, kwa sababu ndilo kosa analowagombeza nalo watu wa mabara yote. Wana chumba safi, yaani kona ndani ya kompyuta isiyo na kitu ila kilichotajwa kwenye karatasi ya mapishi, toleo lile lile la yule atakayekula. Hapo ndipo mtu anapotakiwa kuokea. Anayeokea jikoni kwake mwenyewe, penye vitu vipya vya majaribio kila rafu, mkate wake utajaa viungo vya kwake tu, na kwa jirani hauliki. Raili ameandika maonyo juu ya hilo, amewarudishia watu kazi zao, kuna kijana wa Brazili aliyerudishiwa kazi mara tatu. Na leo, kwa haraka, alikuwa ameokea jikoni kwake.

"Mganga hajigangi!" nikasema, nikacheka, mjinga mimi.

Akalia. Pale pale mbele ya ile kompyuta, bila sauti, mabega tu. Mara ya mwisho nilimwona analia tulipomzika mama yake. Nikamshika, nikamtoa nje kwa mlango wa nyuma kabla Olha hajaona, tukakaa garini.

"Siku nane zimebaki, bibie," nikamwambia. "Utaoka tena. Kuna nini?"

"Ni mimi, Elio."

"Wewe nini?"

"Mshenzi uliyetaka kumjua. Aliyeondoa tundu. Jina langu limeandikwa pale, mwezi wa Novemba, miaka sita iliyopita. Tundu la printa la zamani limeondolewa. Hakuna anayelitumia tena. Raili Koskela." Akaisema kama mtu anayejisomea shtaka.

Nikamuuliza kama hakuuliza watu kwanza. Aliuliza. Ndiyo desturi yao: ukitaka kuondoa kitu unaandika barua kwenye orodha yao, dunia nzima isome, halafu unangoja. Alingoja wiki tatu. Mmoja alijibu kwamba heri, kitu hicho kingeondoka zamani. Mwingine akafanya mzaha wa makumbusho. Wengine kimya, na kwao kimya ni ruhusa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani huwasikiliza wahenga akiwa na mistari mia nne ya kusafisha? Ile kompyuta ya ukumbini ilikuwa bado kwenye toleo la zamani, haikuguswa na jambo hilo, mpaka mke wangu alipoigusa kwa mkono wake wa huruma.

"Na wakati unaliondoa, hukuikumbuka printa ya Nestor?"

"Hapo ndipo panaponiua. Sikuikumbuka. Kadi niliipachika mimi, miaka miwili kabla. Nilipoandika hakuna anayelitumia, nilikuwa nawaza watu walio kwenye orodha. Kwangu hao ndio walikuwa watu."

Nikasema, "Mwambie mzee."

"Nimwambieje? Nani ataelewa?"

"Ataelewa. Mwambie."

"Kwanza nioke," akasema, akajipangusa kwa kitambaa changu chenye unga.

Jumapili ya Matawi alishinda kwenye chumba safi chake. Mara ya kwanza jaribio moja, kati ya mamia ambayo mashine huyafanya kabla ya kuutoa mkate, likafeli. Akalichunguza, akaona halihusiani na tundu, akalirekebisha vilevile kwa sababu hawezi kuacha uchafu. Kabla ya kuoka mara ya mwisho aliandika kwenye daftari, na safari hii hakunifunikia. Nilisoma juu ya bega lake: Tundu la printa la zamani limerudishwa. Linatumika. Kuliondoa kulikuwa kosa langu. Chini yake jina na tarehe.

Halafu akawaandikia wenzake kwamba anataka lirudi kwa kila mtu, si kwa kompyuta moja ya Thunder Bay. Joris, wa Uholanzi, mtu mwema mwenye akili kali, akamjibu ndani ya saa moja. Raili alinisomea, kwa sababu nilikuwa nimesimama pale na kijiko.

"Anauliza lina watumiaji wangapi."

"Mwambie kumi na mmoja!"

"Hao kumi na mmoja barua zao naweza kuzipitishia njia nyingine. Noti ndizo haziwezi." Akaandika: Ninayemjua ni mmoja.

Joris akarudi: Kwa ajili ya mtu mmoja tulilee tundu hilo miaka mingine mitano, na matobo yake ya usalama? Nani atakayelilea?

Mimi nimewahi kugombana na wauza unga, najua swali la haki na swali la dharau. Hilo lilikuwa la haki. Raili akaandika neno moja, Mimi, akatuma. Ana miaka sitini na mitatu. Nikahesabu mitano mbele yake, nikaenda kukoroga supu yangu.

Jumatatu mkate ulikubalika bila mstari mwekundu hata mmoja. Ukumbini walikuwa Olha na akina mama sita hivi, mikono imejaa unga, maana wiki ile perogi huagizwa kwa mamia. Nestor alikuwa amekaa kando ya printa tangu saa tatu na kofia yake magotini. Raili akamwamsha mwenyeji, mwenyeji akamwamsha mgeni, mgeni akafungua programu ya marehemu, na Olha akasema, "Nibonyeze mimi?" kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

Lile dude likaanguruma. Kelele yake ni ya mvua ya mawe juu ya bati. Nestor hakugeuza sikio, aliweka viganja vyake viwili juu ya mbao za meza akausikia mtetemo, na uso wake ukafunguka wote. Ukurasa wa kwanza ukatoka. Akaupapasa, kidole cha kushoto kinasoma, midomo inahesabu, halafu akaanza kuuvumisha wimbo kooni, polepole. Olha akageukia ukutani akajifanya anatafuta chumvi.

"Mzee Nestor," akasema Raili.

Hakusikia. Raili akazunguka upande wa kulia, akainama.

"Mzee Nestor, nina jambo la kukwambia."

"Paza sauti, jirani. Sikio hili la kuazima."

Mke wangu si mtu wa kupaza sauti. Kwao Wafini hata nyumba ikiungua wanasema kuna joto kidogo. Akavuta pumzi.

"NI MIMI NILIYELIONDOA LILE TUNDU!"

Perogi zikasimama hewani.

"Uliliondoa lini? Jana?"

"MIAKA SITA ILIYOPITA! KWA DUNIA NZIMA!"

"Mama yangu," akasema Olha. "Raili huyu huyu?"

"Kwa nini?" akauliza Nestor. Hakuwa na hasira, alitaka kujua tu.

"NILIDHANI HAKUNA ANAYELITUMIA!"

"Uliuliza?"

"NILIULIZA! NIKANGOJA WIKI TATU!"

"Uliulizia wapi?"

"KWENYE BARUA ZETU! ZA WATU WA KOMPYUTA!"

"Aha. Na mimi siku hizo nilikuwa wapi?"

Raili akasema kitu ambacho hata mimi sikukisikia.

"Eti?"

"NYUMBA YA TATU!" akapiga kelele, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila kificho. "NYUMBA YA TATU KUTOKA KWANGU! NINGEBISHA HODI TU!"

Mzee akakunja midomo. Akaukunja na ule ukurasa kidogo pembeni, halafu akaunyoosha kwa dole gumba.

"Kulikuwa na piano moja," akasema, "ya shule fulani ya shambani. Nilikuwa naitengeneza kila mwaka. Vile vibao vitano vya mwisho kabisa kulia sikuvigusa miaka kumi na mmoja. Nilisema, mtoto gani mkono wake unafika kule? Hakuna anayevipiga. Na kweli havikupigwa. Mpaka akaja msichana mmoja, Mungu amempa mikono mirefu, siku ya tamasha, wazazi wote wamekaa. Akafika kule juu. Jamani! Ukumbi ukaangua kicheko. Mtoto akadhani wanamcheka yeye." Akatikisa kichwa. "Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Sikumwambia kwamba ni mimi. Sijamwambia mtu mpaka leo. Wewe umeniambia, tena mbele ya hawa wenye midomo."

"Midomo ya nani?" akasema Olha.

"Yako ya kwanza. Haya, jirani, acha kulia, unanilowanishia sikio. Nipe ukurasa wa pili, siku ziko sita."

Raili akacheka na kulia pamoja, kitu ambacho hakina sura nzuri kwa mtu yeyote, na mimi nilimpenda siku ile kuliko siku niliyomwoa. Nasema kweli. Tukachapa kurasa zote kumi na nne, na akina mama wakatulisha mpaka tukashindwa kuinuka.

Siku ya Pasaka tulikwenda kanisani kwao asubuhi, ingawa mimi ni Mkatoliki wa Kirumi na Raili ni Mlutheri wa jina tu. Vikapu vya mayai na mikate mitamu ya sikukuu wanayoiita paska vilikuwa vimepangwa sakafuni vikingoja baraka. Mingi ya mikate hiyo nilioka mimi, nisiposema hakuna atakayesema. Kwaya ikapanda. Nestor akasimama mwisho wa safu, kurasa zake juu ya kibao, mkono wa kushoto juu yake.

Wakaanza. Wao hawana kinanda, ni makoo tu. Mzee aliingia mahali pake sawasawa, na ile sauti, iliyochakaa kidogo pembeni, ikapita katikati ya nyingine zote kama iliyokuwa imengojwa. Kidole kinatembea, koo linafuata. Raili alikuwa amenishika mkono, kucha zimeniingia. Ukurasa baada ya ukurasa. Lakini kadiri wimbo ulivyopanda na sauti kujazana nikaona kwamba hasikii tena. Kelele nyingi kwake sasa ni ukungu mtupu. Alikuwa anaimba kwa vidole peke yake, na vidole havimwambii mtu wenzake wamefika wapi. Akaanza kubaki nyuma. Nusu pumzi. Pumzi nzima.

Kwaya ikafika neno la mwisho na noti yake ndefu. Nestor alikuwa bado na maneno matatu mbele yake. Nikamwona Olha, mkono wake juu tayari kuushusha na kukata. Akamtazama mzee. Mkono haukushuka. Kwaya nzima ikaishikilia ile noti, huyu akiishiwa pumzi yule anapokea, nyuso zimekuwa nyekundu, mama mmoja wa sauti ya kwanza anatetemeka kidevu, na mzee yeye hana habari, anatembea zake na nukta zake, neno la kwanza, la pili, la tatu, mpaka akafika, akakaa juu ya noti pamoja nao. Ndipo mkono ukashuka.

Nje theluji ya Aprili ilikuwa inaanguka, ile nyepesi isiyokaa. Watu walikuwa wanapeana mayai. Nestor akatoka akiwa ameshika bega langu, akauliza, "Jirani yupo?"

"Yupo hapa, mzee."

Raili akaenda upande wa kulia.

"Niambie ukweli, maana hawa wote wataniongopea," akasema Nestor. "Mwishoni sikuwasikia. Tulimaliza pamoja?"

Mimi nilikwisha kuandaa uongo mzuri wa kwetu, wa Kiitaliano, wenye mapambo. Nikamkanyaga Raili mguu kidogo. Akauondoa mguu wake.

"ULICHELEWA!" akamwambia sikioni, na watu wakageuka. "WALIKUNGOJA!"

"Nani?"

"WOTE!"

Mzee akasimama pale na mdomo wazi, theluji ikimwangukia kwenye nyusi. Kisha akatafuta uso wa mke wangu kwa mikono yake, akaupata, akauvuta karibu kabisa na lile sikio.

"Sema tena," akasema.